Njemba wangu wa miraba minne ana misuli yote, mbona hana nguvu?

#1 Pikseli wa Tandika
Wakuu, heshima kwenu.

Nachonga mhusika kwenye Blender, ile programu ya kompyuta ya kutengeneza maumbo ya 3D, wiki ya tatu sasa. Ni mbeba mizigo wa Kariakoo aliyetiwa chumvi kikatuni: mabega mapana kuliko mlango, kiuno chembamba, ngumi kubwa, kainua gunia juu ya kichwa kwa mikono miwili. Baadaye awe shujaa wa mchezo wa simu ninaoutengeneza na rafiki yangu.

Misuli nimeiweka yote. Nimekaa na mchoro wa anatomia nikaihesabu mmoja mmoja. Bega lina sehemu tatu, nimezichonga. Paja la mbele lina misuli minne, mitatu ndiyo inayoonekana, nimeichonga. Tumbo limegawanyika. Lakini nikirudi nyuma hatua mbili nikamtazama, naona gunia la viazi. Vimbevimbe. Mdogo wangu wa darasa la tano kamwangalia akasema, "Kaka, huyu amevaa misuli." Usiku ule sikulala vizuri.

Kosa liko wapi? Nimeweka picha tatu: mbele, ubavuni na nyuma. Msinifiche.

#2 Mkongwe wa Uzi
Huyo mdogo wako ana jicho. Nimeweka kambi hapa.

#3 Vokseli255
Mkuu, nimeiona namba pale kwenye kona ya picha yako: poligoni milioni tatu na ushee, yaani vile vipande bapa vinavyounda uso wa modeli. Tatizo limeanzia hapo.

Kila ukigawa uso wa modeli mara moja, kila kipande kinazaa vinne. Chukua mchemraba wenye pande 6. Ukigawa mara 6 una vipande 24,576. Mara ya 7 ni 98,304. Mara ya 8 ni 393,216. Mara ya 9 umeshapita milioni moja na nusu. Ukishafika huko brashi haisogezi mwili tena, inakwaruza ngozi tu. Ukitaka kusogeza bega sentimita tano inabidi uvute maelfu ya nukta, basi unaliacha lilipo na kuanza kulipamba.

Shuka chini. Rimeshi, yaani uso wa modeli ufumwe upya, kwa vokseli (vijimchemraba vya kupimia) kubwa mpaka mwili mzima ubaki na vipande elfu kumi hivi. Vidole vipotee, uso upotee. Kisha siku nzima shika brashi ya kuvuta peke yake. Misuli usiiguse.

#4 Pikseli wa Tandika
Elfu kumi? Si kazi ya wiki tatu inapotea?

#5 Vokseli255
Hifadhi nakala kwa namba, njemba_01, njemba_02, hivyo hivyo. Ya zamani haiendi popote. Ila kwenye hii mpya, ndiyo, ipotee.

#6 Dada Viungo
Habari za jioni. Sanaa siijui, kazi yangu ni tiba ya viungo hapa mjini, mabega na migongo ya watu ndiyo mkate wangu. Nimeitazama picha ya nyuma na ninaona mambo mawili.

La kwanza, makombe ya bega. Mkono unapopanda, si kiungo cha bega pekee kinachofanya kazi. Kombe nalo linateleza na kuzunguka juu ya mbavu. Hesabu tunayofundishwa darasani ni mbili kwa moja: mkono ukifika juu kabisa, nyuzi 180, takriban 120 ni za kiungo na 60 ni za kombe. Njemba wako mikono iko juu ya kichwa lakini makombe yamebaki pale pale yanapokaa mikono ikiwa imening'inia. Mtu akija kwangu hivyo namfungulia faili.

La pili, kifua. Umekichonga kama sahani mbili zilizobandikwa, zinaishia karibu na kwapa. Msuli wa kifua haukomei hapo. Unapita chini ya msuli wa bega ukaenda kujishika kwenye mfupa wa mkono wa juu. Kwa hiyo mkono ukiinuka, kifua kinavutwa nao, kinarefuka, ile duara inapotea. Msuli ni kamba, umefungwa mfupa huu na mfupa ule. Ya kwako haijafungwa popote, ndiyo maana haivuti kitu.

#7 Mkongwe wa Uzi
Dada Viungo, na sisi ambao makombe yameganda kwa kukaa na kompyuta tangu asubuhi?

#8 Dada Viungo
Kila nusu saa simama, zungusha mabega, tembea mpaka mlangoni. Turudi kwenye uzi.

#9 Tezo la Mwenge
Naomba nitofautiane na wote wawili, #3 na #6, kwa heshima.

Mimi nimekulia Mwenge kwenye vinyago. Baba ni Mmakonde, anachonga mpingo mpaka leo, na nilishika tezo kabla sijashika kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama. Nje una tabaka jeupe, ndani ndiko kweusi. Gogo likifika, Baba halikimbilii. Analizungusha. Analisimamisha, analilaza, analitazama pande zote nne, ndipo anapiga tezo, na mapigo ya kwanza ni makubwa mno mpaka unadhani anaharibu. Kichwa ni bonge, kifua ni bonge, nyonga ni bonge. Patasi inakuja baadaye sana. Msasa ni siku ya mwisho.

Sasa tunaposema mtu wa miraba minne, mimi nalichukua neno hilo kama maelekezo ya fundi. Mtu ana pande nne na kila upande una haki yake. Wewe umechonga upande mmoja. Ukiwa mbele ni njemba, ukienda ubavuni ni chapati. Nina hakika hukuzungusha modeli yako hata mara kumi kwa siku. Blender imekurahisishia, kwenye namba za pembeni mwa kibodi bonyeza 1 uone mbele, 3 ubavuni, 7 juu. Ukiangalia kwa juu utashtuka: kifua cha mwanadamu ni kama yai lililolala, chako ni ubao.

Halafu kuna hili. Kwenye mti huwezi kubandika. Kila kilichomo kwenye kinyago kilikuwa ndani ya gogo tangu mwanzo, ndiyo maana kinashikana. Kwenye kompyuta mnaongeza udongo juu ya udongo, donge juu ya donge. Mdogo wako alisema kweli kabisa, amevaa.

#10 Sanaa ya Pwani
Mada nzuri. Mimi naona ni uwiano tu. Mtu wa kawaida ana urefu wa vichwa 8, yaani kichwa chake kikipangwa mara 8 kinafikia kimo chake, shujaa 9. Huyu nimempima kwenye skrini ana 6. Nguvu itatoka wapi?

#11 Dada Viungo
Sanaa ya Pwani, hapo kwenye 8 rekebisha. Wengi wetu tupo kati ya 7 na 7 na nusu. Hao wa 8 ni kanuni ya wachoraji wanapotaka mtu aonekane mtukufu.

#12 Sanaa ya Pwani
Asante, nimerekebishwa. Hoja yangu inabaki: kichwa kidogo kinafanya mwili uonekane mkubwa.

#13 Vokseli255
Si lazima. Nenda kaitazame ile sanamu ya Daudi ya Michelangelo, ya 1501 hadi 1504, urefu wake mita 5 na sentimita 17. Kichwa chake na kiganja cha kulia ni vikubwa kuliko uwiano wa kawaida, na hakuna mtu amewahi kusema Daudi hana nguvu. Katuni ya vichwa 6 inaweza kuwa nzito kama jiwe la kinu. Inategemea umekipa nini ukubwa na umekinyima nini.

#14 Chuma Mbagala
Hapo kwenye kunyima ndipo penyewe!

Nina gimu ya mtaani, vyuma vya zege na bomba, vijana wanakuja jioni. Nimeangalia miili kwa miaka. Kijana huyu #1 amejaza kila kitu kwa kiasi kile kile. Bega kubwa, shavu la mkono kubwa, kigasha kikubwa, paja kubwa, shavu la mguu kubwa. Kila kitu kikiwa kikubwa, jicho halina pa kuanzia. Chagua viwili vitatu vya kutia chumvi, vingine vibane. Mimi ningekupa mgongo, shingo na vigasha. Tumbo ningelilaza kabisa.

Na umefanya kosa la vijana wote: umekuza mkono wa mbele, nyuma umesahau. Sehemu kubwa ya mkono wa juu ni ule msuli wa nyuma wenye vichwa vitatu, huu wa mbele una viwili tu. Watu wanakunja mkono wajionee kibonge cha mbele wanadhani ndiyo mkono.

Jambo jingine, zile picha unazoangalia za watunisha misuli wa ng'ambo, wengi wamepigwa picha siku ya mashindano. Wamekata chakula wiki kadhaa, maji wamepunguza, ngozi imekauka kama karatasi. Siku ile kila msuli unaonekana, na siku ile ile wengi wao wamechoka hoi. Mwili wenye nguvu kweli una mafuta kidogo juu, mistari imefifia. Ukichonga kila mfereji unachonga mtu mwenye njaa.

#15 Mkongwe wa Uzi
Tumeshafika maelezo matano: poligoni, mifupa, pande nne, vichwa, njaa. Nani anaongeza?

#16 Kuli Mstaafu
Mimi naongeza. Vijana hamjambo.

Nilibeba Kariakoo miaka tisa, kuanzia sokoni mpaka kwenye magari ya mikoani, mpaka goti lilipokataa. Sijui Blender. Mwanangu ndiye amenionyesha hii picha akanisomea.

Hakuna mtu anabeba gunia hivyo. Huyo anainua chuma. Gunia la mahindi la kilo mia, na kabla hawajalipiga marufuku tulikuwa tunabeba lumbesa, lile lililojazwa likaongezewa kilemba juu, huliinui kwa mikono. Unainama, wenzako wawili wanakutwika, linakaa hapa kisogoni na juu ya mgongo. Mkono mmoja unalishika lisiyumbe, mwingine unapanga njia. Linalobeba ni shingo, mgongo na mapaja. Mkono haubebi kitu.

Na watu wenye nguvu pale sokoni si wa miraba minne. Wengi wembamba. Aliyekuwa anatuzidi wote alikuwa na miguu kama ya mtoto wa shule, ila shingo yake ilikuwa inaanzia masikioni. Ukimwona amevaa shati hukudhani. Akitembea na mzigo ndipo unajua.

#17 Pikseli wa Tandika
Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Mimi napita Kariakoo kila siku kwenda kazini, nawapisha watu wenye magunia, na bado nilikwenda kutafuta picha za watu wa ng'ambo mtandaoni ili nichonge mbeba mizigo wa Kariakoo. Imeniuma. Naanza upya mkao.

#18 Kuli Mstaafu
Marahaba. Usiumie, kazi unayo.

#19 Chuma Mbagala
Mzee namheshimu lakini naomba niseme. Mhusika ni shujaa wa katuni. Mchezaji ana sekunde moja ya kumwona kwenye skrini ndogo ya simu. Ukimpa mwembamba mwenye shingo nene, nani atajua ana nguvu?

#20 Mwanga wa Jioni
Anayejua ni kivuli. Nimesubiri mtu aseme, hakuna.

Kabla ya misuli, kabla ya mifupa, mpake njemba wako rangi nyeusi tupu. Kwenye Blender weka mwanga bapa, rangi moja nyeusi, nyuma kuwe kweupe. Sasa mtazame. Kama ndani ya weusi ule hujui kama anainua, anabeba au anacheza mdundiko, hakuna msuli utakaomwokoa. Picha yako ya mbele nimeijaza weusi mwenyewe: mikono imeungana na kichwa na gunia, imekuwa uyoga. Ule mkao wa mzee wa #16, mwili umeinama, mzigo umetokeza nyuma, kiwiko kimoja kimechomoza, ule unasomeka hata kwenye saa ya mkononi. Kwa hiyo #19 hofu yako ya skrini ndogo inajibiwa na mkao.

#21 Mpita Njia
Mfano mnao katikati ya mji. Sanamu ya Askari pale barabara ya Samora. Amevaa sare, kifua chote kimefunikwa, huoni msuli hata mmoja. Lakini ameegemea mbele na bunduki yake yenye singe, unahisi anakuja. Yule wa Vita ya Pili.

#22 Sanaa ya Pwani
Leo zamu yangu kusahihisha. Ni Vita ya Kwanza. Sanamu ile ya shaba iliwekwa 1927, mchongaji ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, kwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika. Pale pale mwanzo palikuwa na sanamu ya von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ikaondolewa Waingereza walipouchukua mji 1916. Na singe ile imeelekea bandarini.

Ila nakubaliana na hoja. Mimi nimepita pale tangu niko shule ya msingi na sikuwahi kujiuliza nguvu yake iko wapi. Iko kwenye pembe ya mwili.

#23 Tezo la Mwenge
Na kwa wale wanaodhani chumvi ni jambo la katuni za Wazungu, nendeni mkatazame vinyago vya mashetani ya Kimakonde. Mtindo ule unahusishwa na mzee Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Jicho moja, sikio linalogeuka kuwa mkono, tumbo linapita pembeni. Hakuna anatomia ya darasani pale, na kinyago kinakukamata shati. Dada Viungo, yule shetani makombe yake ya bega yako wapi?

#24 Dada Viungo
Swali zuri, limenikalisha. Nadhani mchongaji wa shetani haniahidi mtu. Njemba wa #1 ananiahidi mtu, ana kifua, ana kwapa, ana goti, basi jicho langu linaanza kudai kila kilichobaki. Chumvi hutiwa kwenye mchuzi uliopo. Shetani ni chakula kingine kabisa.

#25 Tezo la Mwenge
Sijakubali, lakini nimekuelewa. Nitamuuliza Baba.

#26 Bi Msasa
Mimi nachapa modeli kwa printa ya 3D, vitu vidogo vya zawadi na vikombe vya mashindano. Nina kipimo changu, hakihitaji jicho wala digrii: ichape, isimamishe mezani. Hizi njemba za mabega makubwa na vifundo vyembamba, tisa kati ya kumi ninazoletewa zinaanguka kifudifudi nikiziondoa kwenye sahani yake, au zinakatika kifundoni. Mwenye kazi anataka nimtengenezee kitako kizito. Nambandikia, lakini najua ukweli. Mtu ambaye uzito wake hauko juu ya nyayo zake anaonekana dhaifu hata kama hujui kwa nini, kwa sababu mwili wako unajua anaanguka.

Chukua picha yako ya ubavuni, chora mstari kutoka katikati ya mzigo na mwili kwenda chini. Wako umetua mbele ya vidole. Kwa mizani hiyo alitakiwa awe ameshalala sakafuni.

#27 Vokseli255
Hii ya #26 sijawahi kuisikia na naichukua.

#28 Mpita Njia
Swali la pembeni wakuu. Blender si ya Wamarekani? Kuna siku wataanza kulipisha kama wale wa ZBrush, programu nyingine ya kuchonga, tunajenga kwenye kiwanja cha watu.

#29 Vokseli255
Ni ya Uholanzi, makao yake Amsterdam, aliyeianzisha ni Ton Roosendaal. Mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 mtandaoni kuikomboa kutoka kwa waliowekeza, ikaachiwa huru na msimbo wake wazi. Leseni yake haimruhusu mtu kuifunga tena. ZBrush ilikuwa ya Pixologic, ikachukuliwa na Maxon, sasa ni malipo ya mwezi au mwaka. Ni programu kali sana kwa kuchonga, sisemi vinginevyo. Ila mimi kodi ya nyumba inatosha.

#30 Kijana wa Gongo la Mboto
Asiye na kompyuta je? Mimi nina simu tu.

#31 Sanaa ya Pwani
Nomad Sculpt inafanya kazi kwenye Android, simu na tableti. Nimeona watu wanachonga mpaka mhusika kamili. Tafuta peni ya kugusa skrini, kidole kinaziba unachokichonga. Na usipande poligoni nyingi, simu itapata moto na chaji itaondoka.

#32 Mkongwe wa Uzi
Hapo kwenye moto nashuhudia. Na umeme ukikatika saa nane usiku ukiwa hujahifadhi, ndiyo utajua misuli ya moyo iko mingapi.

#33 Mwanga wa Jioni
Mimi niliwahi kuchonga njemba wa nembo kwa kampuni moja ya hapa mjini. Kila nikipeleka wanasema "ongeza misuli". Nikaongeza mara nne. Mara ya tano wakasema haonekani ana nguvu, wakakataa kulipa nusu iliyobaki. Nilikasirika mwaka mzima. Leo nikisoma #14 naona walikuwa wanaona tatizo la kweli ila dawa waliyoitaja ndiyo ilikuwa sumu, na mimi niliyetakiwa kujua nikawapa sumu waliyoiomba. Hela bado ni haki yangu. Lakini kazi ile sasa naijua ilikufa wapi.

#34 Pikseli wa Tandika
Nimerudi wakuu. Siku nne.

Nimeshuka mpaka vipande elfu tisa kama alivyosema #3. Jioni ya kwanza nilikuwa naona nimeua mtu. Nimeanza na mabonge matatu ya Tezo: kichwa, mbavu, nyonga. Ubavuni niligundua kitu ambacho kwa wiki tatu sikukiona: kwa mtu aliyesimama, bonge la mbavu linaegemea nyuma kidogo na bonge la nyonga linaegemea mbele, ndiyo maana mgongo unakata kona. Wangu mabonge yote mawili yalikuwa wima kama matofali. Nilipoyageuza tu, kabla sijachonga msuli wowote, mdogo wangu alisema "huyu amechoka". Nilifurahi sana, maana aliyechoka amefanya kazi.

Mkao ni wa mzee. Gunia kisogoni, mkono mmoja juu, kombe la upande huo nimelizungusha. Mstari wa Bi Msasa sasa unatua kati ya nyayo. Kivuli kinasomeka. Picha mpya tatu zipo hapo chini.

Miguu ndiyo bado inanisumbua. Inaonekana kama chupa.

#35 Dada Viungo
Mgongo sasa umenifurahisha. Faili nimelifunga.

Miguu: umefanya pande mbili zilingane. Vimbe la nje na la ndani umeviweka usawa mmoja, ndiyo maana inakuwa chupa. Mwili hauko hivyo. Kwenye shavu la mguu, upande wa ndani unashuka chini zaidi ya wa nje. Kwenye kifundo inageuka: mfupa wa ndani uko juu, wa nje uko chini. Kwenye paja, ule msuli wa ndani karibu na goti unashuka kuliko mwenzake wa nje. Panda na ushuke mguu mzima hivyo, hakuna kilima kinachotazamana na kilima. Ukirekebisha hayo matatu utaona mguu unatembea.

#36 Chuma Mbagala
Ni mzuri, ila mimi bado namtaka mabega. Umemnyima mno. Katuni gani hii haina chumvi?

#37 Vokseli255
Chumvi ameiweka shingoni, itazame tena. Shingo ile haipo duniani.

#38 Kuli Mstaafu
Ipo. Nimesema nimeiona.

#39 Tezo la Mwenge
Nimemwonyesha Baba kwenye simu. Ameitazama kwa muda mrefu. Kuhusu swali la shetani na anatomia hakujibu, alicheka tu. Kuhusu njemba alisema gunia ni jepesi. Nikamuuliza Baba, gunia lina kosa gani, ni boksi tu limewekwa kwa muda. Akasema ndiyo hilo. Mtu umemchonga, mzigo hujauchonga, sasa anabeba nini? Gunia halijabonyea shingoni, halijaning'inia pembeni.

#40 Mwanga wa Jioni
Duh. Uzi mzima tulikuwa tunamwangalia mtu.

#41 Bi Msasa
Na gunia likibonyea, ngozi ya mgongoni nayo inabonyea chini yake. Pale ndipo utaona kama misuli yako ni nyama au ni mapambo.

#42 Vokseli255
Bado nashikilia la kwangu, hayo yote yasingewezekana akiwa kwenye poligoni milioni tatu.

#43 Dada Viungo
Na makombe yasingekaa sawa bila mtu kusema.

#44 Kuli Mstaafu
Kijana, nimekuangalizia picha mpya na mwanangu. Mzee wa Mwenge yuko sahihi kuhusu gunia. Na mimi naongeza moja. Vidole vya mguu. Umevilaza kama vya mtu aliyeketi ufukweni. Ukiwa na kilo mia kisogoni vidole vinakamata ardhi, vinakunja, kandambili inaliwa kwa mbele. Kandambili zangu zote zilikuwa zinatoboka kwenye kidole gumba.

#45 Pikseli wa Tandika
Mzee, nilikuwa nimepanga kumvalisha viatu ili nisichonge vidole. Naviweka. Na kandambili naiweka, iliyotoboka.

Jumamosi alfajiri naenda sokoni kuangalia gunia linavyokaa, nitaomba ruhusa kwanza na nitanunua chai ya watu. Kabla ya hapo, nani ana picha ya mtu mwenye gunia iliyopigwa kwa nyuma? Zangu zote ni za mbele.